Maji chumvi chini ya jangwa: mwongozo kamili wa jamii kuamua yatumikeje

Mnamo Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO, kwa ufadhili wa Japani, zilitangaza kwamba picha za setilaiti, rada na visima vya majaribio vimeonyesha akiba kubwa ya maji chini ya tambarare ya Lotikipi, kaskazini-magharibi mwa Turkana. Zilitajwa mita za ujazo zaidi ya bilioni 200. Kisha maji yakapimwa, na kufikia 2015 ilikuwa wazi kwamba yana chumvi nyingi mno kwa mtu kuyanywa yalivyo. Magazeti yakanyamaza. Watu wa Lotikipi, Kakuma na Lokichoggio hawakuhama, na maji yale bado yako chini ya miguu yao.

Mwongozo huu ni kwa kijiji, kamati ya maji au jamii ya wafugaji iliyo katika hali hiyo: kuna kisima au kinakuja, maji ni ya chumvi, na kila mgeni anayefika ana mtambo wa kuuza. Mifano nimeichukua Turkana kwa sababu ndiko swali hili lilikosimama wazi kuliko kwingine katika Afrika Mashariki, lakini hatua ni zilezile Marsabit, Mandera au Wajir. Ninachoshikilia tangu mwanzo ni hiki: msianze na swali la mtambo. Anzeni kwa kujua maji haya yanafaa nani na nani, kwa kuwa ngamia, mbuzi mwenye mimba, mtoto wa miezi minane na mche wa mtama hawana uvumilivu sawa.

Hatua ya kwanza: pimeni, na mpime vizuri

Ulimi unatambua chumvi lakini hautambui floridi wala aseniki. Maji yanaweza kuwa matamu kabisa mdomoni na bado yakaharibu meno na mifupa ya watoto. Visima kadhaa vya Turkana vina floridi juu ya kiwango, kwa hiyo hofu hii si ya kinadharia.

Kipimo cha haraka ni kile kidogo cha mkononi kinachosoma upitishaji umeme wa maji. Husomeka kwa maikrosimensi kwa sentimita. Zidisha namba hiyo kwa 0.64 nawe utapata makadirio ya chumvi zote zilizoyeyuka, kwa miligramu kwa lita. Kisima kinachosoma 5,000, kwa mfano, kina takriban miligramu 3,200 kwa lita. Maji ya bahari yana karibu 35,000. Kamati iwe na kipimo chake, na awepo mtu mmoja aliyefundishwa kukisafisha na kukirekebisha kwa maji ya kulinganishia.

Kipimo cha mkononi hakitoshi. Pelekeni sampuli kwenye maabara, na mtaje kwa maandishi mnachotaka kipimwe: chumvi zote, floridi, aseniki, nitrati, boroni, sodiamu, kalsiamu, magnesi, salfati, kloridi, chuma na silika. Boroni na sodiamu zitawahusu mkifika kwenye kilimo. Silika na kalsiamu zitawahusu mkifikiria mtambo, kwa sababu ndizo huganda na kuuziba. Mkisahau kuzitaja, mtalazimika kurudi tena.

Sampuli ichukuliwe mwishoni mwa jaribio la kupampu, baada ya pampu kufanya kazi saa 24 au zaidi bila kusimama. Maji ya dakika za kwanza ni yale yaliyolala ndani ya bomba. Hayasemi lolote kuhusu mwamba. Halafu rudieni baada ya mvua na tena katikati ya kiangazi. Kisima ambacho chumvi yake inapanda kadiri kinavyopampiwa kina maana tofauti kabisa na kile ambacho chumvi yake imetulia: cha kwanza kinavuta maji makali zaidi kutoka chini au pembeni, na kila lita mnayoitoa inaharibu zile zinazobaki.

Jambo moja lisemwe barazani mapema, kwa sauti. Kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanapungua na chumvi inabaki, kwa hiyo yanazidi kuwa makali. Dawa ya klorini huua vijidudu tu. Chujio la udongo au la kitambaa huzuia tope. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa floridi.

Hatua ya pili: jueni nani ana haki gani

Nchini Kenya maji yenyewe hayamilikiwi na kijiji. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali za maji ziko mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kuchimba kisima kirefu na kutoa maji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, pamoja na ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini mwenye leseni, na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ina sauti kuhusu athari za mazingira. Huduma ya kuwafikishia watu maji ni kazi ya kaunti. Na Katiba, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha.

Nguvu ya jamii iko kwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka mkataba wowote wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii upitishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima, katika mkutano ambao theluthi mbili yao wamehudhuria. Kwa hiyo mwekezaji aliyepata sahihi za watu watatu ofisini Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana, hajapata kitu. Lakini haki hii inasimama vizuri pale jamii iliposajiliwa na kuwa na orodha ya wanachama wake. Kama hamjasajiliwa, anzeni hapo kabla mtu yeyote hajaleta mashine ya kuchimba.

Hatua ya tatu: ni nani aliye kwenye mkutano

Turkana wazee wa kiume hukutana chini ya mti wao, na mambo mazito ya malisho huamuliwa hapo. Sina nia ya kuuondoa mti huo. Lakini anayebeba mtungi ni mwanamke, na anayejua kisima gani huwapa watoto kuhara ni mwanamke. Waiteni akina mama wakae peke yao kwanza, na mwandishi wao wenyewe, kisha yale waliyoandika yasomwe mbele ya wazee kabla ya wazee kusema. Mpangilio huo una uzito. Ukiugeuza, akina mama wataambiwa tu yaliyokwisha kuamuliwa.

Wachungaji wengi wako mbali kiangazi kinapokaza. Mkutano wa Februari utakuwa na wenye maduka, walimu na wafanyakazi wa mashirika. Wenye ng'ombe watasikia habari baadaye. Pangeni mkutano wa uamuzi mvua zikishanyesha, mifugo ikiwa karibu na maboma. Na kama mko karibu na Kakuma au Kalobeyei, wakimbizi nao wanakunywa kutoka ardhi hiyo hiyo. Si wanachama wa ardhi ya jamii, lakini mpango wa maji usiowahesabu hesabu yake ni ya uongo tangu siku ya kwanza.

Hatua ya nne: gaweni maji kulingana na kinywa

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na ndipo nashauri mkae muda mrefu zaidi. Chukueni matokeo ya maabara na mpite matumizi moja baada ya jingine.

Kunywa na kupikia. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu hadi miligramu 1,500 za chumvi kwa lita kwa maji ya asili yasiyosafishwa, na floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Juu ya 1,000 watu wengi huanza kuyakataa. Hili la kukataa lina uzito wake. Kisima kikiwa salama lakini kikali, mtoto atakwenda kwenye laga, yaani mto wa msimu, atafukua mchanga na kunywa maji matamu yaliyochanganyika na kinyesi cha mbuzi. Basi kabla ya kufikiria mtambo, angalieni maji matamu mliyo nayo na myalinde: visima vya laga vijengewe ukuta na birika la mifugo liwekwe mbali navyo, panapofaa jengeni mabwawa ya mchanga kama yale ya Kitui (kuta za kukinga mchanga wa mto ili ushike maji), vuneni mvua kwenye mapaa. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 50 linaweza kukusanya lita 8,000 hivi kwa mwaka, na paa la shule la mita 300 lita 48,000. Familia ya watu sita ikitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika, lita 8,000 ni zaidi ya miezi minane, mradi tangi liwepo na mvua isikose.

Maji matamu hayo pia yanaweza kuchanganywa na ya kisima. Ndoo moja ya miligramu 3,000 na ndoo mbili za miligramu 300 zinatoa 1,200. Floridi hupungua kwa hesabu hiyo hiyo. Hakuna mashine inayohitajika, ila matangi mawili na mtu mwaminifu wa kupima.

Kuoga, kufua na ujenzi. Chumvi haizuii kuoga, ingawa sabuni haitoi povu vizuri. Mabomba yawe ya plastiki, kwa kuwa ya chuma yataliwa. Zege lenye nondo lisichanganywe kwa maji haya: kloridi inaozesha nondo kutoka ndani, na nyufa huja miaka michache baadaye, mkandarasi akiwa ameshaondoka.

Mifugo. Miongozo ya FAO inasema maji hadi takriban miligramu 3,200 kwa lita yanafaa mifugo yote, ingawa mnyama asiyeyazoea anaweza kuhara siku chache. Kati ya 3,200 na 5,100 bado yanafaa mifugo, lakini si kuku. Kati ya 5,100 na 7,000 yatumike kwa tahadhari, na yasipewe wanyama wenye mimba au wanaonyonyesha. Juu ya hapo hatari inaongezeka haraka, na kupita 10,000 hayapendekezwi kabisa. Ngamia huvumilia chumvi kuliko ng'ombe. Mfugaji wa Turkana hahitaji kuambiwa hilo. Jambo la kuambiana ni maziwa: jike anayekunywa maji makali hula kidogo na hukamuliwa kidogo, na katika boma linaloishi kwa maziwa hiyo ni njaa ya watoto. Magnesi, salfati na floridi zikiwa juu, viwango hivi vishushwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Lakini nina wasiwasi mkubwa zaidi na nyasi kuliko na chumvi. Tambarare ya Lotikipi ni malisho ya akiba. Majani yake yamebaki kwa sababu maji ya juu ni haba, na mifugo haiwezi kukaa huko mwaka mzima. Weka kisima kisichokauka katikati yake, na mifugo haitaondoka. Watu watajenga, duka litafunguliwa, na baada ya misimu michache nyasi zitakuwa zimekwisha kwa mwendo wa saa kadhaa kila upande. Itabaki mathenge, ule mti wa miiba wa kigeni, ambao unavumilia chumvi. Turkana imeshaona visima vingi vikigeuka vijiji na vijiji vikigeuka vumbi. Tena Lotikipi ni mahali ambapo wafugaji wa pande tofauti za mpaka wameuana kwa ajili ya malisho, na kisima cha kudumu kinaweza kuwa sababu mpya ya kupigana. Kwa hiyo kisima cha mifugo kiwe na kifuli na kalenda: kinafunguliwa mwezi gani, kwa mifugo ya nani, na nani anakaa na ufunguo. Wazee wa malisho wanaijua kazi hii vizuri kuliko mhandisi yeyote. Majirani wa upande wa pili waitwe kabla bomba la kwanza halijashuka.

Mashamba. Hapa nitasema bila kuzunguka: kumwagilia kwa maji chumvi katika nchi kavu ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuua udongo. Jua hunyonya maji, chumvi hubaki, mwaka baada ya mwaka. Maharage huanza kupoteza mavuno kwa maji yanayosoma maikrosimensi 700 tu, mahindi 1,100, nyanya 1,700. Mtende huvumilia hadi 2,700 bila kupungua, kunde 3,300, mtama 4,500, shayiri 5,300. Hata mimea hiyo inataka maji ya ziada ya kusukuma chumvi chini ya mizizi, na udongo unaopitisha maji. Ule mfinyanzi mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi hauwezi. Walio na ndugu Oman waulize habari za pwani ya Batinah: huko visima vya mashamba vilipampiwa kupita kiasi, maji ya bahari yakaingia ardhini, na mitende ya vizazi ikafa. Kama lazima mjaribu, jaribuni robo ekari kwa umwagiliaji wa matone, pimeni udongo kabla na baada ya kila msimu, na msiguse kabisa mashamba ya kando ya mto wala miti ya ekwar, ile ya kando ya mto ambayo kila familia ina yake.

Samaki. Ziwa Turkana lenyewe lina takriban miligramu 2,500 za chumvi kwa lita na sato wanaishi humo, kwa hiyo maji chumvi si kizuizi kwa ufugaji wa samaki. Katika jangwa la Negev, Israeli, kuna wanaofuga samaki kwa maji chumvi ya kisima kirefu kisha kuyapeleka maji hayohayo, yakiwa na mbolea, kwenye mashamba. Inawezekana, lakini inataka chakula cha samaki, vifaranga, umeme na soko. Iweni wa pili au wa tatu kujaribu, msiwe wa kwanza.

Hatua ya tano: ndipo mfikirie mtambo wa kuondoa chumvi

Mtambo wa kawaida husukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi. Hufanya kazi vizuri; Kiunga, Lamu, kuna mtambo wa sola uliofunguliwa mwaka 2018. Lakini Kiunga iko ufukweni, na mabaki yake ya chumvi yana bahari. Lotikipi haina.

Fanyeni hesabu yenu kabla ya muuzaji kufanya yake. Tuseme watu 3,000, lita 7 kila mmoja kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Hiyo ni mita za ujazo 21. Mtambo ukitoa asilimia 70 ya maji unayoyapokea, mtapampu mita 30, na mita 9 zitabaki kama maji makali. Kisima kikiwa na miligramu 6,000 kwa lita, mabaki yatakuwa na karibu 20,000, na ndani ya mita 30 za kila siku mna kilo 180 za chumvi. Kwa mwaka ni tani 65 na zaidi, ambazo zilikuwa zimetulia chini ya ardhi na sasa ziko juu. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe: tani hizi zitakwenda wapi? Akijibu "kwenye laga," mwonyesheni barabara ya kurudia. Laga ndiyo maji matamu yenu.

Jibu la kweli ni mabwawa ya kukaushia, yaliyotandikwa plastiki nene chini, yenye uzio, na mbali na mkondo wa mafuriko. Kwa jua la Turkana, mita za ujazo 9 kwa siku zinahitaji eneo la mita za mraba 2,000 hadi 2,500. Bei yake iingie kwenye bei ya mtambo tangu mwanzo, pamoja na gharama ya kuondoa plastiki iliyochoka.

Je, chumvi hiyo inaweza kuuzwa? Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chumvi ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na misafara ikaibeba chumvi hiyo mbali. Lakini maji ya Uvinza yana chumvi nyingi zaidi, na chumvi yake ni ya kula. Chumvi ya kisima chenye floridi au aseniki ikikauka hubaki na sumu hizo, zikiwa zimekolea. Msiiuze wala msiwape mifugo wailambe mpaka maabara iseme.

Umeme nao hufichwa. Kusafisha mita za ujazo 21 kunaweza kutaka kilowati-saa 40 hivi kwa siku. Lakini kuvuta mita za ujazo 30 kutoka kina cha mita 300 kunataka karibu 50, ukihesabu upotevu wa pampu. Kisima kinaweza kula umeme kuliko mtambo. Yote pamoja ni paneli za kilowati 20 na zaidi, zinazopanguswa vumbi kila wiki. Utando wenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka michache, mapema zaidi kama silika na kalsiamu hazikudhibitiwa.

Hatua ya sita: pesa na ufunguo

Mitambo mingi ya maji jangwani haifi kwa sababu ya teknolojia. Inakufa kwa kukosa chujio la bei ndogo, kwa sababu pesa za kioski ziliwekwa kwenye mfuko wa mtu. Bei ya mtungi ihesabiwe hivi: mshahara wa fundi na mlinzi, vichujio na dawa, akiba ya utando, akiba ya pampu, vyote vikigawanywa kwa mitungi mnayotarajia kuuza mwezi wa mvua, wakati watu hawanunui. Mkiweka bei kwa mauzo ya kiangazi mtafilisika mvua ikinyesha. Kama bei hiyo inawashinda wajane na wazee, kaunti au mfadhili aandike atalipa nini na kwa miaka mingapi. Fundi awe mtoto wa hapo, na wafunzwe wawili, kwa kuwa mmoja atapata kazi mjini.

Hatua ya saba: mwaka wa majaribio, na masharti ya kusimama

Msipitishe uamuzi wa milele. Pitisheni wa mwaka mmoja. Kisima cha pili, kisichopampiwa, kiachwe kwa ajili ya kupimia kina cha maji tu. Mtu ashushe kamba yenye kengele kila mwezi na kuandika kwenye daftari ambalo kila mwanajamii anaweza kulisoma. Maji ya chini kabisa ya nchi kavu mara nyingi yaliingia huko zamani sana, na mvua za leo huyaongezea kidogo au haziyaongezei. Bilioni zilizotajwa mwaka 2013 hazikuambii ni kiasi gani kinaweza kuchukuliwa kila mwaka bila hasara.

Kwenye kumbukumbu za mkutano andikeni masharti kwa namba, mkiwa bado hamjagombana: kina kikishuka kwa mita kadhaa mlizokubaliana, kupampu kunapunguzwa nusu; kipimo cha mkononi kikipanda kwa asilimia 10 juu ya kile cha siku ya kwanza, pampu inazimwa na mkutano unaitishwa; bwawa la mabaki likivuja, mtambo unasimama siku hiyo hiyo; malisho yakiisha ndani ya eneo lililotajwa, kisima cha mifugo kinafungwa mpaka mvua. Chini ya kila sharti liandikwe jina la cheo cha anayezima pampu, na la anayezima asipopatikana. Nakala moja ibaki kwa chifu, moja kwa akina mama, moja kwenye ofisi ya maji ya kaunti, na moja ibandikwe ukutani pale kioskini, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili.